Saini ya Ijumaa

Chumvi haina haraka.
Inapanda kutoka Raskazone bila hodi,
inapita juu ya mabati ya Chumbageni,
inakutana njiani na vumbi la saruji la Pongwe,
na ikifika uwanjani haijali rangi ya ndege.
Inaingia ndani, inakopumulia injini.

Ndiyo maana kila jioni, ndege ikirudi kutoka Pemba,
tunaisukutua koo.
Maji yaliyochujwa, lita kumi na mbili,
mpira puani, starta inazungusha bila moto,
naye Fundi Semboja anainama nyuma kwenye bomba,
anakinga kiganja, anaonja,
mpaka maji yatoke na ladha ya maji.
"Nyamvula," huniambia, "jina lako ndiyo kazi yako."
Nami hucheka kila mara, maana ndiye mkubwa.

Ila Ijumaa ile ya harusi ya dada yangu,
Barabara ya Kumi na Mbili watu wameshajaa,
hina imekauka mkononi mwangu wa kushoto,
wa kulia ulishika kalamu.
Niliandika: *Imeoshwa.*
Nikatia saini.
Mpira ulikuwa mkavu ukutani.

Ukaguzi ulipofika, tukaifungua.
Mapanga hamsini na nane kwenye gurudumu moja,
dogo dogo, kila moja na namba yake.
Tukayapanga juu ya kitambaa cheupe
kama dagaa wanaoanikwa na mtu asiye na haraka ya kuuza.

Lililokwaruzwa na changarawe lina dawa:
tupa nyembamba, msasa, msasa laini zaidi,
unafuata urefu wake, hukatishi,
mpaka kovu liwe bonde ambalo upepo haulioni.
Lililochakaa koti huvuliwa, husafirishwa Nairobi,
huvikwa jingine la alumini tanuruni,
hurudi na rangi ya majivu ya mkaa wa mkoko.

Lakini kwanza, rangi nyekundu.
Unapaka. Unasubiri dakika ishirini.
Unafuta mpaka uamini umefuta,
unanyunyiza unga mweupe,
halafu unanyamaza.
Chuma chenye siri kitaitema.

La thelathini na moja likatema:
uzi mwekundu, mfupi kama kope,
karibu na shina, penye vishimo vya chumvi.
Nikachukua tupa. Semboja akanishika mkono.
"Hapo hapaguswi."
Methali ya ufa na ukuta naijua,
niliikariri Makorora nikiwa darasa la tatu.
Humu bandani haifanyi kazi. Ufa hauzibwi,
unatolewa pamoja na kitu chake.

Simu ikalia. Mwenye ndege.
Abiria tisa, saa tisa, mmoja anawahi maziko Wete.
Semboja alisikiliza, akasema "Hairuki,"
akaiweka simu ndani ya sanduku la spana
ikiwa bado inaongea, akafunga kifuniko.

Kisha akafungua daftari la injini.
Kidole chake kikashuka na ukurasa,
Jumatano, Alhamisi,
kikasimama juu ya saini yangu.
Labda alikuwa anakipumzisha tu.
Ijumaa moja haili chuma, mhandisi yeyote atakwambia:
ni miezi, ni miaka, ni safari elfu.
Nilijua hivyo. Nikasema hata hivyo:
"Ile sikuosha."

Hakunijibu.
Alilibana panga kwenye jiliwa, akalikata vipande viwili,
ndiyo sheria, lisije likauzwa
likarudi angani kwa jina jingine.
Akalipitishia neno langu mstari mmoja tu,
ili lisomeke bado,
akanipa kalamu niandike la kweli juu yake.

Kipande kimoja kiko dirishani kwangu, mwaka wa pili sasa.
Upepo wa bahari unakipiga usiku kucha.
Hakijashika kutu.
Jioni naunga mpira, nainama nyuma kwenye bomba.
Siku hizi naonja mimi.